Sauti Yenye Utando

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, baba mdogo Telesfori alilamba betri. Wateja waliziacha barazani tangu jana yake, naye alikaa kwenye kigoda na kipande cha waya, ncha moja akaibana chini ya betri, ncha ya pili akaiweka kwenye ulimi, na ulimi huohuo akaugusisha kichwani mwa betri. Akikunja uso, betri ni nzima. Asipokunja, imekufa. Zile za katikati alizianika juani kama dagaa. Baada ya hapo ndipo alinawa, akanywa uji. Mama mdogo Pelagia alisema mwanaume anayetanguliza betri kabla ya uji hawezi kujua kama uji una sukari. Ni kweli, kwa sababu mwaka ule sukari ilipopotea madukani yeye hakuuliza kitu.

Nilikaa nao Majengo, hapahapa Mpanda. Baba mdogo alikuwa Mpimbwe wa Usevya, ufundi wa redio alijifunza kwa kuzifungua. Zile za kwanza hazikufungika tena, na wenyewe hakupenda sana kuwataja. Lakini mwaka huo wa sabini na sita alikuwa fundi anayeaminika, na zaidi ya ufundi, alikuwa mpiga solo wa bendi ya ushirika wa tumbaku. Bendi iliongozwa na ndugu Nkwabi, Msukuma mrefu, kazi yake kupima tumbaku kwenye mzani. Ndugu Nkwabi alipenda vitu vinyooke. Mzani unyooke, mashati meupe ya bendi yanyooke, na sauti ya gitaa inyooke. Ya baba mdogo ilikuwa imenyooka kuliko zote, ndiyo maana kiti cha solo kilikuwa chake tangu bendi ianze.

Basi siku moja akaja Mrundi mmoja kutoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, anaitwa Séverin. Kwapani ana redio, mkononi ana kitu kimefungwa kwenye kitenge.

"Fundi, hii redio imenyamaza. Nataka nisikie habari za kwetu."

"Na hicho kingine nacho kimenyamaza?"

"Hicho sijui. Hakijawahi kusema tangu nifike Tanzania."

Akakifungua. Kilikuwa kisanduku cha chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kina vishikizo viwili vya kuzungusha na kitufe kikubwa cha kukanyaga kwa mguu. Baba mdogo akajua ni kitu cha gitaa kabla hajaambiwa. Waya wa gitaa unaingia huku, unatokea kule kwenda kwenye spika, na ukikanyaga kitufe sauti inabadilika.

"Ni cha kaka yangu," Séverin akasema. "Siku ya kukimbia niliingia ndani nikabeba nilichodhani ni redio ndogo. Nimetembea nacho porini, nimepanda nacho lori, nafika Katumba nafungua nisikilize habari, naona hivi."

Baba mdogo akacheka. "Na kaka yako anakitafuta?"

"Kaka hakutoka."

Baba mdogo akaacha kucheka. Akaichukua redio, akaifungua palepale, mtu mwenyewe akiwa amekaa. Ilipoanza kusema, Séverin akaikumbatia, kisanduku akakisukuma kwa fundi.

"Baki nacho, iwe ndiyo shukrani. Mimi nimepewa jembe, na jembe halina mahali pa kuchomeka huu waya."

Siku hiyohiyo baba mdogo alikijaribu kwa gitaa lake na spika yake ya betri. Alipokikanyaga, gitaa lililia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mtoto wao Matilda alilia, mbwa wa jirani akahamia mtaa wa Shanwe kwa muda. Baba mdogo akakizima, akakigeuza, akafungua skrubu. Akachungulia ndani kwa muda mrefu sana.

"Aliyetengeneza alitaka nyuki," akasema. "Mimi sitaki nyuki."

"Unataka nini?" mama mdogo akamwuliza.

"Nataka utando."

Mama mdogo alielewa, maana na yeye ni wa Usevya. Marehemu babu, baba mzazi wa baba mdogo, alikuwa mpiga malimba, ule ubao wenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Malimba yale yalikuwa na tundu usoni, na tundu hilo babu alilibandika ule utando mweupe kama karatasi ambao buibui wa ukutani anafunikia mayai yake. Malimba yasiyo na utando yanatoa sauti uchi. Yenye utando, kila sauti inatoka na mkoromo mdogo nyuma yake, kama mtu anayeongea huku mwingine anamwitikia chini chini. Kwa watu wa kwetu hayo ndiyo malimba. Yale mengine ni mbao na vyuma. Baba mdogo alisema kila akikaa kwenye kiti cha solo anasikia gitaa lake limeoga mno.

Akaanza kukibadilisha. Umeme haukuwepo, kwa hiyo chuma chake cha kuchomelea kilipashwa kwenye jiko la mkaa, na jiko lilikuwa moja. Chungu cha maharage kilisogezwa upande mmoja, chuma kikaingizwa upande wa pili. Alitoa kipande hiki ndani ya kisanduku, akaweka kingine alichokitoa kwenye redio mfu, akapiga sauti zilezile chache za malimba ya babu, halafu akangoja hukumu kutoka jikoni.

"Ng'ombe kaingia kisimani," mama mdogo alisema.

Akatoa kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza umeme, akaweka ndogo.

"Mbu."

Akaweka ya kati.

"Mtu mwenye mafua, Baba Matilda. Na maharage yananuka hiyo risasi yako ya kuchomelea."

Kwa hukumu hizo hakubisha hata mara moja. Alichomoa, akachomelea tena. Alipomaliza kapasita akaingia kwenye transista, zile ambazo ndizo hasa zinaikuza sauti mpaka inapasuka. Redio mfu zilikuwa nyingi, zimerundikwa chini ya kitanda, na kila moja aliichomoa transista yake. Hivi hivi mpaka kiangazi kikakaribia kwisha. Asubuhi moja kukiwa na kibaridi alichomelea transista ya zamani, nyeusi, kutoka kwenye redio ya mtu aliyekwisha kufa naye pia. Akapiga.

Mama mdogo akatoka na mwiko mkononi.

"Rudia."

Akarudia.

"Baba mkwe huyo," mama mdogo akasema, akarudi kwenye ugali wake.

Baba mdogo hakula siku hiyo, alipiga tu. Lakini jua lilipofika utosini sauti ikaanza kukwama, ikakatika katika kama mtu aliyepaliwa na tonge. Asubuhi ya pili ikarudi nzuri, mchana ikapaliwa tena. Ndipo alipojua kwamba ile transista ya zamani haivumilii joto, na Mpanda mwezi wa kumi haina kitu kingine cha kuipa. Akakiweka kisanduku ubavuni mwa mtungi wa maji, juu ya kitambaa kibichi, kikapona. Tangu hapo kisanduku kikaishi pale kwenye mtungi. Mama mdogo akawaambia majirani nyumba yake ina mgonjwa.

Tabu ilianza alipopiga barazani watu wakipita.

"Fundi, pole, spika yako imepasuka."

"Haikupasuka. Ndivyo ilivyo."

"Sawa. Lakini imepasuka."

Kila aliyepita alimpa pole. Mwingine alileta gundi. Halafu watu wakaanza kuzipitisha redio zao mbele ya baraza letu kwenda kwa fundi wa sokoni. Walisema mtu ambaye spika yake mwenyewe inakoroma, ya kwako ataifanyaje? Baba mdogo aliwaangalia wanapita. Betri za kulamba zikapungua.

Habari zikamfikia ndugu Nkwabi, akaja mwenyewe, akakaa ukingoni mwa baraza asichafue suruali.

"Ndugu Telesfori, Jumapili tuna wageni. Wakubwa wa ushirika kutoka Tabora. Wakitupenda, bendi inakwenda Tabora, tunapewa vyombo vipya, tunapiga kule mbele za watu. Wewe Tabora hujafika, si ndiyo?"

"Sijafika."

"Unataka kufika?"

"Nataka." Na alitaka kweli. Lile shati la bendi alikuwa amekwisha kulinyoosha tangu wiki ya nyuma, limening'inia juu ya kitanda, hakuna anayeruhusiwa kuligusa.

"Basi njoo na solo yako ninayoijua. Wale hawapandi treni usiku kucha kuja kusikia spika mbovu. Ukija na huo mkoromo wako, kiti cha solo nampa Callixte. Sikufichi."

"Callixte anapiga gitaa la ridhim."

"Atasogea mbele."

Jumapili dansi lilianza mchana baada ya misa, kwa sababu wageni walikuwa wanaondoka na treni jioni. Ukumbi wa ushirika ni wa bati, na bati la mwezi wa kumi unalijua mwenyewe. Baba mdogo aliingia na gitaa begani, mama mdogo nyuma yake na mtungi kichwani. Ndugu Nkwabi akauona mtungi ukitua nyuma ya kiti cha solo.

"Maji ya kunywa? Mmefanya vizuri sana."

Kisanduku kilikuwa humo, kimening'inizwa ndani ya kopo juu ya maji.

Mimi na mama mdogo tulikaa mlangoni na karanga zetu za kuuza. Bendi ikapiga. Baba mdogo akapiga solo iliyonyooka, wageni wa Tabora wakatikisa vichwa kwa raha, mmoja wao mnene akainuka kucheza, ndugu Nkwabi akatabasamu mpaka tukaona jino la nyuma. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilimwona baba mdogo anapiga huku anaangalia mtungi. Kwa joto lile kisanduku kingeishi wimbo mmoja tu, na hilo alilijua.

Walipopumzika kidogo kujifuta jasho aliinama, akakitoa, akakiweka sakafuni, akachomeka waya. Ndugu Nkwabi alikuwa anaongea na wageni, hakuona. Wimbo ukaanza. Ulipofika pa solo, baba mdogo akakanyaga.

Utando ukatoka, mzima, kama ile asubuhi. Wale waliokuwa wanacheza katikati wakasimama, wakaangalia spika. Lakini mlangoni hapo tulipokaa walikuwepo mama zetu wa Kipimbwe waliokuja kuuza mchele, wamesimama tu kuchungulia. Mmoja akamshika mwenzake mkono.

"We! Nani kaleta malimba humu?"

"Malimba yako wapi? Ni lile gitaa."

"Gitaa gani, wewe, sikiliza!" Akatua ungo chini, mabega yakaanza kwenda yenyewe. Mwenzake akafuata. Mama mdogo alikuwa ameshika karanga za mteja, hakumpa, hakumrudishia.

Mara kukawa kimya. Spika zimekufa zote, taa pia. Sauti iliyobaki ilikuwa ya ngoma tu, nayo ikaacha.

"Gelasius!" ndugu Nkwabi akaita. "Jenereta!"

Gelasius, mtunza jenereta, akatoa kichwa dirishani, anahema. Alikuwa ameagizwa kwamba akisikia chombo kinaharibika azime kabla hakijaungua.

"Nimezima, ndugu! Spika imepasuka, nimeiwahi!"

Wageni wakampigia makofi. Yule mnene akasema ushirika wenye watu waangalifu namna hii unastahili vyombo vipya. Ndugu Nkwabi akamshukuru, akamsogelea baba mdogo, akainama. Sauti aliiteremsha, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza, tulisikia.

"Teles. Mungu anakupenda. Wamesema wenyewe ni spika. Chomoa hicho kidude, mimi nitawaambia fundi wetu ameitengeneza, tunaendelea. Kiti ni chako, Tabora ni yako."

"Haikupasuka," baba mdogo akasema.

"Najua haikupasuka. Sema imepasuka."

Baba mdogo akaangalia mlangoni. Wale akina mama walikuwa bado wamesimama, mmoja amenyanyua mguu kidogo, anangoja.

"Haikupasuka, Nkwabi."

"Basi nyamaza tu, mimi ndiye nitakayesema."

Baba mdogo akainama. Ndugu Nkwabi akashusha pumzi, akadhani anachomoa kidude tu. Alichomoa waya wa gitaa, akachomoa na wa spika, akauzungusha mkononi taratibu kama anavyofanya nyumbani, akatia kisanduku kwenye mfuko wa lile shati jeupe, mfuko ukavutika mpaka tumboni. Akalitwaa gitaa, maana lilikuwa lake. Akapita katikati ya wachezaji, "samahani, samahani", akafika mlangoni.

"Umesikia, Mama Matilda?"

"Nimesikia."

"Utando ulikuwa wenyewe?"

"Wenyewe."

Akatoka juani. Wale mama wa mchele wakainua nyungo zao, wakamfuata nyuma.

Ndani, Gelasius aliwasha. Ndugu Nkwabi akawaambia wageni fundi amekwenda kuleta kifaa, anarudi sasa hivi. Akaangalia mlango. Bendi ikapiga wimbo mzima pasipo solo, na kiti kiko wazi. Akaangalia mlango tena, akamtazama mama mdogo, na mama mdogo akampa yule mteja karanga zake. Ndipo akamwambia Callixte asogee mbele.