Farasi Aliyemshusha Binti Yangu Mbamba Bay

Mimi dunia hii hainishangazi tena. Niliishia darasa la nne, lakini nyumba yangu pale Mkumbi ina vyumba saba na bati la rangi, yote kwa hela ya kahawa tupu, na katika biashara ya kahawa nimeona kila ujanja alionao binadamu. Nimewahi kuuziwa gunia ambalo juu ni kahawa na chini ni kokoto. Mara moja tu. Tangu hapo mtu akiniletea gunia, mkono wangu unazama hadi kwapani kabla sijaitikia salamu yake.

Kwa hiyo binti yangu alipochumbiwa na kijana wa Mbamba Bay, tukateremka ziwani kukaa kikao na wakwe, nilisema bila kupepesa macho: "Huyu atafika kwenu juu ya farasi."

Mama wa kijana alicheka mpaka akashika nguzo. Ni mwanamke wa sauti, anafanya biashara ya usipa, hawa samaki wetu wadogo, anawaanika na kuwapandisha milimani magunia kwa magunia.

"Mzazi mwenzangu, farasi wa kwato au wa kwenye simu?"

"Wa kwato nne."

"Haya. Sisi hapa hela inatoka samaki akishatua mchangani. Akiwa bado majini hatumjui. Usije ukanunua picha."

"Wamatengo na farasi!" akadakia mjomba wa kijana. "Atatumbukia kwenye yale mashimo yenu ya ngolo mnayolimia milimani, mje mumchimbue pamoja na mahindi!"

Ukumbi wote ukacheka. Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu, ila niliona anatabasamu. Hapo ikawa si maneno tena. Nisipomleta huyo farasi, kicheko kile angebaki nacho yeye, kwa watu atakaoishi nao maisha yake yote.

Nikaingia mtandaoni. Wa kwanza kumwona alikuwa mweupe pe, mkia umesukwa, bei milioni moja na nusu. Muuzaji alisema yuko Arusha, na heshima yake ilizidi kipimo.

"Shikamoo mzee wangu. Tuma laki nne tu ya kumshikilia, kuna mkubwa mmoja anamtaka leo leo."

Niliposikia habari za mkubwa, nikajua gunia lina kokoto. Lakini mkono utauzamishaje kwenye simu? Nikamwambia anipigie kwa video. Mtandao mbovu, akasema. Nikamwambia basi amvalishe farasi kofia, ampige picha. Farasi ana mafua, akasema. Nikamwambia, basi nitumie picha ya meno.

Hapo alifurahi, na picha ikaja upesi. Mdomo umepanuliwa, chini meno yamejipanga vizuri, juu kwa mbele ni ufizi mtupu.

Mimi nimefuga ng'ombe tangu utoto. Asiye na meno ya mbele juu ni ng'ombe. Punda, ambaye ni ndugu yake farasi, aliwahi kuning'ata begani pale Songea, na kovu ninalo hadi leo, la juu na la chini. Nikampigia yule kijana.

"Mwanangu, huyo farasi wako anatoa lita ngapi za maziwa?"

Akaangua kicheko. "Mzee, wewe umeshindikana!" Akakata simu, na hewani hakuonekana tena.

Wa pili nilimpata kwa mama mmoja mwenye shamba huko Mafinga. Farasi jike, rangi ya kahawa iliyokaangwa, milioni tatu na nusu. Mama alipokea simu ya video papo hapo, na farasi mwenyewe akailamba. "Hela usitume, baba," akaniambia. "Njoo umwone." Kesho yake nikapanda basi. Nilipofika nikamfungua farasi mdomo nikazamisha mkono: meno yapo, juu na chini, nusura aondoke na kidole changu. Nikamtembeza, nikamkagua kwato, na hela ilitoka alipokuwa amesimama ndani ya lori. Lori lile, kutoka Mafinga hadi Mkumbi na baadaye hadi ziwani, pamoja na kibali cha mifugo, lilikula milioni moja na elfu hamsini.

Mkumbi nzima ilihamia kwangu. Binti yangu alijifunza kumpanda katikati ya mibuni. "Baba," alisema siku moja akiwa juu, "anatembea kama wewe."

Ila mimi nilitaka wakwe waone farasi aliyeshiba. Watu wa mnadani wana dawa yao: ng'ombe analambishwa chumvi, anakunywa maji, tumbo linajaa kama ngoma. Asubuhi ya harusi nikampa farasi pumba na chumvi pakiti nzima. Lori likaanza kupiga honi kabla hajanywa.

Tulimshusha kwenye kilima cha mwisho kabla ya mji. Binti akapanda na gauni lake jeupe, mimi nikashika kamba, matarumbeta mbele. Wanawake walijaa pande zote mbili wakipiga vigelegele.

"Jamani ni wa kwato kweli!" alipaza sauti mama mkwe.

Nikainua kichwa. Na farasi naye akainua chake, akaliona ziwa.

Kamba ilinitoka mkononi. Wala hakukimbia, alitembea kwa haraka zake, akawapita watu wa matarumbeta, akaupita mlango wa kanisa, akazipita chanja za usipa, akaingia ziwani mpaka maji yakafika tumboni. Akanywa. Binti yangu kashika manyoya ya shingo, gauni linaelea, na anacheka kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu akiwa mdogo.

Mama mkwe alikunja kanga akaingia majini na wenzake, wakashika hatamu.

"Wengine wanaletewa bi harusi na gari," aliwatangazia watu. "Wetu ametangulia kulisalimia ziwa! Sasa hatoki bila kulipiwa. Laki mbili!"

"Mzazi mwenzangu, si ulisema hela inatoka mzigo ukishatua mchangani?"

"Huyo ni samaki! Mkwe analipiwa majini!"

Nilivua viatu, nikaingia na suti yangu, tukapatana kwa laki moja na elfu themanini. Farasi alitoka na kanga shingoni, tumbo limejaa kama nilivyotaka, na binti yangu akaingia kanisani akidondosha maji, wanawake wa ziwani wakimwimbia kama mtoto waliyemzaa wenyewe.

Nilishangaa? Kidogo. Nauli yangu ya basi siihesabu, mimi kusafiri ni starehe. Mengine yote yalinigharimu shilingi milioni nne, laki saba, elfu thelathini na mia tano, na hiyo mia tano ni ya chumvi.