Fyuzi Niliyoifunga na Karatasi ya Chingamu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimkimbia bibi yangu. Wacha nianze na hiyo aibu, nisije nikaizunguka mpaka uchoke. Mke wangu huyo, Mama Kendi, alikuwa kwa zizi, ameshikwa na mashine inayotoa moshi. Mimi, mwanaume mzima, nilikuwa nyuma ya tangi la maji, nimechuchumaa, nimeshika kofia kichwani kama shida ni upepo.

Ilikuwa mashine ya stima ya kukatia ng'ombe nepia, yale majani yao marefu. Fundi wa boma ni mimi. Shule niliachia katikati, kabla hawajafika kwa mambo ya stima, lakini hapa Mikinduri nani angeniuliza cheti? Siku hiyo nepia ilikwama kwa visu, mashine ikanyamaza. Nikachomoa plagi, nikaifungua, nikapata fyuzi imeungua. Duka halikuwa mbali. Lakini nilikuwa natafuna miraa, na mtu wa miraa hakosi chingamu mfukoni. Nikachukua ile karatasi yake ya kung'aa, nikaizungusha kwa fyuzi vizuri kama zawadi, nikairudisha.

"Mama Kendi, ona bwana yako! Fundi bila karo!"

"Ngoja kwanza," akasema. Alikuwa ameinama anatoa nepia iliyokwama.

Sikungoja. Na swichi ya mashine hatukuwa tumezima. Kuchomeka tu, mashine ikanguruma, ikavuta mkono wa sweta yake.

"Uuui! Baba Kendi, zima! Zima!"

Mwanangu, hiyo sauti bado hunifuata hata nikiwa kanisani. Visu vilizunguka kidogo vikakwama tena, vinataka kuendelea, ni nepia tu inavizuia. Fyuzi ya kweli ingekatika hapo hapo. Yangu ilikataa. Waya ukaanza kunuka, plagi ikayeyuka, moto ukaruka kwa ukuta. Nikaogopa kuigusa. Miguu ikaamua bila kuniuliza.

Jirani yetu Mutwiri ndiye alikuja mbio akazima meni swichi, ile ya kukata stima ya boma yote. Sweta ilikuwa imeraruka mpaka kwa bega. Mkono, asante Mungu, ulitoka mzima. Nilihesabu vidole vyake, nikakosea, nikaanza tena.

Kwa hivyo nisikize. Kabla uguse fyuzi, zima kwa ukuta, zima mashine yenyewe, halafu chomoa plagi uiweke mahali unaiona. Tafuta ni nini kiliiunguza, maana fyuzi haiungui bure. Weka mpya, ya namba ile ile, si kubwa kuliko hiyo. Usiweke karatasi, wala waya, wala msumari. Kabla ya kuwasha, ita kila mtu kwa jina, uone mikono yake iko nje. Na ile mpya ikiungua tena, tafuta fundi, yule aliyelipa karo. Murungu akufikishe uzeeni na mikono yako miwili, na wale unaowapenda wafike na yao.

Jioni Mutwiri alikuja kutuangalia. Akanywa chai yote, ndio akasema, "Baba Kendi, kukimbia sikulaumu, hata mimi ningekimbia. Lakini ulipita kando ya meni swichi ukienda kujificha. Siku ingine, kimbilia hapo."