Siku Tuliyoshusha Nguvu za Redio

Rafiki yangu, wewe nakuamini, hutanicheka. Nataka nikueleze jambo lililonishangaza miaka ile gesi ilipoonekana baharini, wageni wakajaa pwani yetu, na kila mgeni anataka samaki.

Sisi wanawake wa samaki tulinunua redio za mkono, zile unazobonyeza ndipo useme, maana kule visiwani simu hazikushika. Wa bandarini, wa sokoni, wa penye kukaushia samaki, sote tulikuwa kwenye njia moja ya hewani. Na adabu zetu unazijua. Huwezi kuuliza bei ya changu au ya pweza kabla hujauliza habari za nyumbani, za watoto, za mama mkwe na mguu wake. Njia ikajaa salamu. Asiyesikika akapandisha nguvu ya redio yake, mwenzake naye akapandisha, mwisho sote tuko juu kabisa na hakuna anayemsikia mwenzake.

Mimi nilikuwa na langu. Mdogo wangu alikuwa kisiwani, mimba imefika mwezi wake, na uzazi wa kwanza alipasuliwa. Tulipatana uchungu ukimwanza aniite redioni, nitume boti ya injini imlete hospitali. Lakini kila tukijaribu nasikia "Dada..." kisha anamezwa na mtu wa sokoni anayemwomba chumvi jirani yake.

Nikamuuliza mwalimu wetu wa masomo ya jioni. Akasema, "Mama, redio yako inashika sauti iliyoifikia na nguvu zaidi. Ya mdogo wako inatoka mbali, inafika imechoka. Hawa wa karibu wanaifunika."

"Basi nipandishe ya kwangu zaidi?"

"Utawafunika wengine tu. Yeye hutamsikia."

Neno hilo likanikaa kichwani mpaka kwenye swala, Mungu anisamehe. Asubuhi, kabla watu hawajaanza kuongea, nikamwacha shoga yangu penye mizani bandarini, na redio yake mkononi. Nikaishusha redio yangu kwenye nguvu ndogo, nikaanza kutembea.

Penye duka la barafu nikamuuliza, "Unanisikia?"

"Nakusikia mpaka unavyohema!"

Msikitini bado ananisikia. Nilipofika sokoni ndipo sauti yangu ikampotea. Nikasimama pale nacheka peke yangu. Kumbe sauti inaweza kufika kwa ninayemtaka, halafu ikaishia hapo. Sasa tulikuwa tunaipeleka mpaka visiwani kwa nini?

Nikazunguka kuwaambia wenzangu. Mnunuzi mmoja mkubwa wa sokoni, mama wa heshima zake, akanikatalia mbele za watu. "Redio ya nguvu nimeilipia mwenyewe, leo niinong'oneze kama mwali?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Shangazi, unayeongea naye unamwona kwa macho. Jaribu leo tu, alasiri mpaka magharibi. Usiposikika, kesho nakubebea ndoo zako."

"Na mama mkwe wa watu nisimuulizie?"

"Muulizie, shangazi. Kwa nguvu ndogo."

Akashusha, na wengine wakamfuata, mpaka wale wa penye kukaushia. Mdogo wangu yeye sikumwambia ashushe, yake ibaki juu, maana yuko mbali. Alasiri redio ikanyamaza ghafla. Nikaogopa, nikadhani imekufa, nikaigonga. Ndipo nikasikia, nyembamba lakini nzima, bila mtu juu yake.

"Dada. Dada, upo? Kiuno kinanikata tangu adhuhuri. Nimekuita mpaka nimechoka."

Nikapandisha yangu mara hiyo tu, imfikie. "Nipo, mdogo wangu. Boti inakuja."

Boti ikaondoka jua lingali juu. Usiku huo akapasuliwa, mtoto wa kike, wote wawili wazima, alhamdulillahi. Shangazi wa sokoni akaja na uji wa mzazi, anasema kwa sauti ya kujaza hospitali nzima, "Mtoto huyu ni wa redio yangu!"

Mpaka leo najiuliza hewa inabebaje maneno yetu yote. Hilo sijalielewa, na bado nauliza. Lakini wewe, kama unamjua mtu anayegawana njia moja na wenzake, wa boti, wa kambi, popote alipo, mfikishie habari hii. Mwambie aanzie nguvu ndogo inayomtosha, ile kubwa amwachie aliye mbali. Naye amwambie mwingine.