Safu ya Nne

Fundi saa huyu watu walimwita Subiri Kwanza, na jina lilimkaa. Ukimpelekea sarafu ya zamani ukauliza bei, alikujibu, "Subiri kwanza," na kweli ungesubiri hadi chai yako ipoe. Kitabu cha bei alikuwa nacho, kinene, kurasa zimelegea, lakini alikifungia kwenye droo. Kwanza aliishika sarafu kingoni, akaitazama kwa lenzi, akaandika hali yake kwenye karatasi: imechakaa, nzuri, nzuri sana, au kama mpya. Hapo ndipo droo ilipofunguliwa. Kitabu kina safu nne za bei, moja kwa kila hali, na alishawaona watu wazima na akili zao wakianza na bei, kisha macho yao yakaona wanachotaka. Wenzake walimcheka kwa ukaidi huo, ila sokoni hakuna aliyeitilia shaka karatasi yake.

Siku dada yake mdogo alipoleta sarafu ya marehemu baba yao, ukaidi wote ukaenda likizo.

Dada huyo alikuwa akifua mashuka hotelini mwaka wa kumi na saba sasa. Alitaka kuacha, anunue cherehani, ashone nyumbani kwake. Sarafu ilikuwa ya fedha, yenye kichwa cha mfalme, na baba yao aliringa nayo maisha yake yote, akisema ni ya thamani kubwa.

"Kaka, mimi usinisubirishe kama wateja wako," alisema.

Naye, kwa hamu ya kujua kama mzee alisema kweli, akafungua droo kabla ya kugusa lenzi. Mwaka ule ulikuwa adimu. Bei ya safu ya nne ingenunua cherehani mbili na chenji ikabaki. Alipoishika lenzi, mfalme alionekana kama ametoka kwa kinyozi jana.

"Kama mpya," akasema. Karatasi hakuandika.

Jumatatu asubuhi alifungua duka mapema, aipige picha amtumie mnunuzi. Jua likaingia dirishani, likaipiga sarafu ubavuni, na moyo ukamlipuka. Juu ya sikio la mfalme nywele hazikuwepo. Hazikufifia tu, zilikuwa zimefutika kabisa, pamekuwa laini kama sabuni. Safu ya pili, tena kwa huruma. Na dada alikuwa amesema barua ya kuacha kazi ataipeleka leo. Aibu ilimchoma usoni. Akafunga duka, akaziacha saa za watu mezani matumbo wazi, akatoka mbio na miaka yake sitini na moja, kibano bado mkononi, sarafu mfukoni.

Alimkuta nyuma ya hoteli, mbele ya ofisi ya msimamizi. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Barua iko wapi?"

"Nimeisukuma chini ya mlango, msimamizi hajafika. Una nini, kaka? Mbona unahema hivyo?"

"Nimekosea. Niliangalia bei kabla ya sarafu. Ni ya safu ya pili, haifiki hata robo ya cherehani. Nisamehe, mdogo wangu."

Hakungoja jibu. Alipiga magoti, shavu sakafuni, akakipenyeza kibano chini ya mlango kama anayetoa springi kwenye saa, ulimi nje. Mpishi mmoja alipita, akawatazama, akaona heri asiulize. Mara ya nne kona ya bahasha ikanasa, akaivuta polepole.

Dada aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni. Machozi yalimlengalenga, lakini hakumlaumu. Aliomba sarafu, akaweka kidole gumba juu ya sikio la mfalme. Kikaenea palepale.

"Ni baba huyu," alisema. "Umesahau? Kila akitusimulia habari zake alikuwa akiisugua hapa. Miaka yote ile."

Fundi alikumbuka.

"Basi tuiweke," alisema. "Iwe ukumbusho."

"Hiyo safu ya pili inafikia bei ya nini?"

"Viatu. Jozi moja, ya maana."

Dada akaitazama miguu yake, iliyokuwa imelowa hadi kwenye vifundo na saa mbili bado haijafika. Akamrudishia sarafu.

"Iuze, kaka. Baba alishaifaidi. Nitafutie visivyopitisha maji."

Akausukuma mlango wa chumba cha kufulia, akarudi kazini.