Shangazi Agnella na Maneno Mawili Aliyokataa Kusema

Shangazi Agnella alikuwa anageuza mpunga juani, uani kwetu Ifakara. Simu yake aliiweka juu ya kinu ili asikose kuisikia. Yeye ni mhudumu wa ndege, mwaka wa tisa sasa. Hata akipanda bajaji huwa anaangalia kwanza atatokea wapi ikipinduka. Lakini safari hii hakuja likizo. Alikuwa amesimamishwa kazi, na asubuhi hiyo wangempigia kumwambia kama kazi ipo au imekwisha.

Mimi kuuliza sichoki. "Kwani ilikuwaje hasa, Shangazi?"

"Na wewe mtoto! Ndege inataka kuruka, nikasikia harufu ya waya unaoungua kule nyuma, jikoni kwetu. Nikampigia Kapteni Mudathiri kwa simu ya ndani. Akasema, 'Agnella, hiyo ni kahawa yenu. Nipe kabini tayari, tumechelewa.'"

Kumbe rubani haruki mpaka mhudumu mkuu aseme hayo maneno mawili, "kabini tayari", yaani huku kwa abiria kuko salama. Siku hiyo mhudumu mkuu ndani ya ndege alikuwa Shangazi, naye hakuyasema. Kapteni akairudisha ndege kwenye maegesho, akaja nyuma mwenyewe, akanusa, akatangaza mbele ya abiria wote, "Mimi sisikii kitu." Mafundi nao hawakuona kitu. Safari ikafutwa.

"Si ungesema tu? Yeye ndiye mkubwa."

Babu Hilari, aliyekuwa anashona wavu barazani, akacheka. "Mkubwa! Huyu akiwa na miaka kumi alikuwa anakaa mbele ya mtumbwi wangu, mimi nyuma na kasia. Akigonga ubavu wa mtumbwi, naacha kupiga kasia. Siulizi. Kiboko anamwona yeye, siyo mimi."

"Na kama hakuna kiboko?"

"Mara nyingi hakuwepo. Lilikuwa gogo."

Simu ikaita. Shangazi akaipokea kwa mikono yenye vumbi, akaweka sauti kubwa. Alikuwa Bi Salha wa ofisini, bosi wa wahudumu wote wa shirika lao.

"Shikamoo, Bi Salha."

"Marahaba. Swali langu ni moja. Ikitokea tena, na Kapteni anakwambia turuke, utafanyaje?"

Nikampungia mikono: sema utatii! Tafadhali! Shangazi alinitazama, kisha akamtazama Babu.

"Kama naisikia harufu, sitasema kabini tayari."

Tukasikia karatasi zikifunuliwa. Babu alikuwa ameshika sindano hewani.

"Haya, ripoti Jumatatu," Bi Salha akasema. "Jana Kapteni Mudathiri alibadilisha maelezo yake. Ameandika kwamba ile harufu hata yeye aliisikia."

Niliruka, nikapiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia. Shangazi hakucheka. Aliirudisha simu juu ya kinu polepole.

"Siku kumi na tatu nimesimamishwa," akasema. "Siku zote hizo alikuwa anajua."

Akaingia tena kwenye mpunga, akaugeuza kwa mguu, kwa nguvu, punje zikarukia nje ya turubai. Mimi nikachuchumaa, nikaanza kuziokota.