Siku Tuliyosema Tumeshiba

Katika kijiji nilichofundisha, kaskazini kidogo ya Haneti, uwele na mtama huingia ndani katikati ya mwaka, na kwa nyumba nyingi akiba haifiki Novemba. Mvua zikianza Desemba, watu hulima wakiwa na tumbo tupu. Chakula kipya hakionekani mpaka Machi, tena kama mvua zimekubali. Nayasema haya mapema kwa sababu rafiki zangu wa mjini huniuliza kila mara: kwani hao watu hawalimi? Wanalima. Nimewaona wakilima na homa, nimewaona wakirudia kupanda mara tatu katika msimu mmoja. Jembe liko mikononi mwao, mvua haiko.

Ndiyo maana kulikuwa na mahindi ya serikali. Katika miezi ile lori lilishusha magunia kwenye ghala lililo nyuma ya ofisi ya kijiji, na kila kaya iliyokuwa kwenye orodha ilipimiwa madebe mawili kwa mwezi. Yalikuwa na vumbi, mengine yametobolewa na wadudu. Sikuwahi kumsikia mtu akiyalalamikia.

Jirani yangu wa karibu kuliko wote alikuwa bibi mmoja mjane. Tembe yake ilitazamana na chumba nilichopanga. Mwanawe wa kiume aliondoka kwenda kutafuta kazi na hakuleta habari tena. Mke wa mwanawe akaolewa kwingine, akamwachia bibi wajukuu wawili wa kike, mmoja wa darasa la nne na mmoja wa darasa la kwanza. Wote wawili niliwafundisha. Binti pekee wa bibi alikuwa ameolewa kitongoji cha pili, kwenye ukoo wa watu wanaoheshimika, na baba mkwe wa binti huyo alikuwa mjumbe wa kamati ya kijiji. Hilo la mkwe mlishike, lina uzito.

Mwaka ule mtendaji wa kijiji aliitisha mkutano, akasema msaada umepunguzwa.

"Kuna watu watakuja na kishikwambi," alisema. "Watapita nyumba kwa nyumba. Mwenye uwezo atatoka kwenye orodha, asiye na uwezo atabaki."

"Mwenye uwezo ni nani?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Kishikwambi kitajua."

"Basi kije upesi, kitwambie na maji yako wapi!"

Watu walicheka. Mtendaji naye alicheka, kisha akanitazama. Wazee wengi pale husikia Kiswahili kwa shida, na mimi nimezaliwa ndani ya Kigogo. Aliniomba niongozane na wageni hao niwe mkalimani. Nilikubali kwa furaha. Nilidhani nimepewa nafasi ya kuwasaidia watu wangu.

Kijana aliyekuja alikuwa mpole, mwembamba, na viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi jekundu kabla ya saa nne asubuhi. Tulipokaribia kwa bibi niliona ua umefagiliwa mpaka alama za ufagio zinaonekana. Kiti changu mwenyewe, nilichokiacha nje ya mlango wangu, kilikuwa kimehamia kwake na kufunikwa kitenge.

"Shikamoo bibi," kijana alisema.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akanigeukia kwa Kigogo: "Mwalimu, huyu mbona kama ufito? Huko mjini hawamlishi? Mwambie akae."

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu atamwona bibi kama mjinga, naye hakuwa mjinga. Kwetu, mgeni hafunuliwi njaa. Akiingia uani kwako, njaa yako unaifunika kama unavyofunika mwili. Ukimwambia mgeni kwamba hujala umemwambia mawili: kwamba yeye ni mzigo, na kwamba wewe huna watu. Nililelewa hivyo. Mama yangu alikuwa akichemsha maji matupu jikoni ili mgeni aone moshi, wakati mmoja wetu ametumwa kuazima unga.

Kijana alifungua kishikwambi. "Muulize, jana walikula mara ngapi?"

Nilimuuliza. Bibi alinitazama kwa mshangao, kama nimemuuliza habari za chumbani.

"Mwambie tumekula. Tumeshiba. Mungu anasaidia."

"Kuna siku mwezi huu mtu wa nyumba hii alilala bila kula?"

"Kwa nini alale na njaa? Mimi si nipo?"

"Mifugo?"

Bibi aliwanyooshea kidevu kuku watatu waliokuwa wakiparura karibu na kinu. "Si hao anawaona." Walikuwa kuku wa jirani wa upande wa pili.

Mjukuu mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifungua mdomo. Dada yake alimfinya, akanyamaza. Dada alikuwa na miaka kumi tu, lakini alishajua sheria.

Kijana alipotaka kuinuka, bibi alikataa kabisa. Mtu hatoki kwake mdomo mkavu. Mmoja wa kuku wale alikamatwa mbele ya macho yetu, na baada ya muda tuliletewa ugali wa uwele, mlenda na kuku. Wajukuu walikula baadaye, kilichobaki. Mimi nilikula paja.

Msomaji ataniuliza kwa nini sikusema kitu. Asubuhi ile kijana alikuwa ameniambia, "Mwalimu, tafsiri anachosema, usiongeze," na kumkanusha mama wa rika lile mbele ya mgeni wake, huku mkono wangu umo kwenye sahani yake, kungekuwa kumvua nguo. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Lakini kutoka pale mpaka nyumba iliyofuata palikuwa na hatua kama mia mbili, bibi hayupo, sahani haipo. Hatua mia mbili zinatosha sana kusema, "Ndugu yangu, yule mama hana kitu." Tuliongea habari za barabara.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi wiki chache baadaye. Niliisoma mara mbili. Kaya ya bibi haikuwemo. Zilikosekana na kaya nyingine nyingi, na nilipozipitia kichwani niliona karibu zote zilikuwa za wenyeji wa siku nyingi, wale waliofagia nyua zao. Fundi baiskeli mmoja aliyehamia kwetu kutoka mkoa mwingine alibaki. Yeye alikuwa amejibu tu, "Tuna njaa, tunakula mara moja." Simlaumu hata kidogo. Watoto wake walikuwa na njaa kweli. Yeye alisema.

Nilimpelekea bibi habari jioni, akiwa anachambua majani ya mlenda. Aliendelea kuchambua.

"Yule kijana mbona alikula vizuri," alisema. "Nilidhani tumeelewana."

Nilimweleza taratibu kwamba kuna njia. Kungekuwa na mkutano wa malalamiko. Mtu angesimama mbele ya kamati, aseme hali yake ilivyo, iandikwe. Nilimwambia nitakaa karibu naye, nitamwandalia maneno.

"Nisimame nani akiwepo?"

"Kamati, bibi. Na wanakijiji."

"Na mkwe wangu amekaa pale?"

Alijua kwamba mkwe wake angekaa mstari wa mbele.

"Mwalimu," aliniambia, "unataka binti yangu akaambiwe kule kwa watu kwamba mama yake alimdanganya mgeni, na kuku alikuwa wa kuazima? Atakaaje? Acha. Tutakula majani."

Walikula majani. Mlenda una faida zake, lakini ni wa kusukumia ugali, na ugali ndio haukuwepo. Walikula ubuyu uliokorogwa na maji. Mimi niliwagawia unga nilipoweza, nikiuita kila mara deni la chumvi au malipo ya kuchotewa maji, maana bila jina la namna hiyo bibi asingeupokea. Mshahara wa mwalimu una watu wengi wa kulisha, na sikuweza kila wiki. Nasema hili bila kujitetea.

Siku moja darasani nilikuwa nafundisha sehemu. Nimezoea kuchora ugali ubaoni, duara kubwa, naugawa nusu, naugawa robo, na watoto hufurahi. Nilikuwa nimeshaanza kuchora wakati yule wa darasa la nne aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, tunaomba uchore chungwa."

Nilidhani wenzake watacheka. Hakuna aliyecheka. Nilifuta, nikachora chungwa.

Mvua ya kwanza ya maana ilishuka mwishoni mwa Desemba. Asubuhi yake kijiji kizima kilikuwa mashambani, ila kwa bibi kulikuwa kimya. Nilivuka kwenda kumuuliza atapanda lini. Katika nyumba zetu masuke ya mbegu huning'inizwa juu ya meko ili moshi uyalinde na wadudu, na hayaguswi, hata mtoto akilia hayaguswi. Bibi alinielekeza juu kwa macho. Pale palikuwa na kamba tupu, nyeusi kwa masizi.

"Juzi," alisema. "Mdogo aliishiwa nguvu akiwa korongoni, dada yake alimrudisha mgongoni. Nikateremsha. Uwele wa moshi ni mchungu, mwalimu."

Kisha akaniuliza mkutano ule ni lini.

Tulienda pamoja. Nilikuwa nimemwandalia maneno, lakini hakuyatumia. Alijitanda kitenge kichwani mpaka machoni, akasimama ubavu, ili asitazamane na mkwe wake. Alisema kwa Kigogo, kwa sauti ndogo ambayo ilinyamazisha hata waliokuwa nje ya dirisha:

"Yule mgeni nilimwambia tumeshiba. Hatukuwa tumeshiba. Kuku alikuwa wa jirani. Mbegu tumekula."

Akaketi chini. Mkwe wake alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Sidhani kama alimdharau. Nadhani alikuwa anakumbuka alichojibu yeye mwenyewe alipotembelewa, kwa sababu ghala lake nililijua pia, halikuwa na kitu.

Mtendaji hakuwa mtu mbaya. Aliandika kila neno nililomtafsiria, kisha akainua uso.

"Bibi, nimeandika. Lakini mfumo umeshafungwa. Wataufungua tena baada ya mavuno, watapita upya."

Nilimtafsiria. Bibi aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu asiyesikia vizuri:

"Mavuno ya nani?"

Swali hilo nilimtafsiria mtendaji kama lilivyo. Alifunga daftari.

Wiki hiyohiyo bibi aliamua kwenda kuhemea. Neno hili wengine hawalijui: ni kwenda mbali kutafuta chakula, mtu akibadilisha mbuzi kwa nafaka, na asiye na mbuzi akibadilisha mikono yake. Alikuwa anafahamiana na mama mmoja wa Busi, huko Kondoa, Mwislamu, ambaye waliwahi kuuguza wagonjwa wao hospitali moja, vitanda vikiwa jirani. Kwa mama huyo kulikuwa na mashamba ya kupalilia. Bibi alikuwa na magoti mabaya. Nilimwambia awaache wasichana kwangu wamalize muhula. Alishukuru, akakataa. Palizi ni mikono, na yeye alikuwa na mikono miwili tu.

Nilimwandikia yule mkubwa barua ya uhamisho, na mdogo ya kwake, nikazifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nilimweleza bibi azipeleke shule yoyote iliyo karibu, wasimzungushe, wasimdai sare siku ya kwanza. Nilirudia mara tatu. Alisema amesikia. Wasichana walinipungia mkono mpaka kwenye kona ya mkuyu, na bibi hakugeuka.

Mavuno yalipopita, wahakiki walirudi kama walivyoahidi. Safari hii alikuwa dada mmoja mwenye kofia pana, mchapakazi. Tulifika kwenye tembe ya bibi. Mvua zilikuwa zimekula pembe moja ya paa, na udongo ulikuwa umemwagikia mlangoni.

"Hii ya nani?"

Nilimweleza. Nilianza tangu kuku. Nilimweleza habari za mgeni, za mbegu, za mkutano, za safari ya Busi na zile barua za uhamisho, nikamwambia jina la bibi limo kwenye daftari la malalamiko ofisini. Alinisikiliza mpaka mwisho, namshukuru kwa hilo.

"Pole sana, mwalimu. Lakini hapa kuna sehemu mbili tu za kubonyeza. Kaya ipo, au kaya imehama."

"Hawajahama. Wamekwenda kuhemea. Watarudi."

"Leo wapo?"

"Leo hawapo."

Alibonyeza. Aliniuliza kama zile barua za uhamisho zilipokelewa huko Busi. Nilimwambia sijui. Nilikuwa nimeandika kuuliza shule mbili za kule, na majibu yalikuwa hayajaja. Hadi ninapoandika haya hayajaja.

Tukaanza kutembea. Kabla hatujafika nyumba iliyofuata nilimwomba dada yule anisubiri kidogo njiani, nikatangulia peke yangu. Mwenye nyumba alikuwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni, na tayari alikuwa anapangusa kigoda kwa upindo wa kanga yake.

"Mama," nilimwambia, "huyu anayekuja si mgeni."

Alisimama na kigoda mkononi.

"Si mgeni? Basi ni nani?"

Nikakaa chini, nikaanza kumweleza.