Salamu Kwake, Leso Ng'ambo

Juzi nilisimama dukani kwa mama mmoja muuza leso hapa Gede. Kila wiki hutuma redioni kadi ya salamu, akiwataja watu kwa majina, nao hutoka hata Matsangoni kuja kumwamkia.

Akaingia mwanamke, begani leso mpya, ngumu bado, haijaona maji.

"Shikamoo mama. Jumapili sikulisikia jina langu."

"Marahaba mwanangu. Leso hiyo umeinunua wapi?"

"Hapo ng'ambo ya barabara. Lakini yule hatumi salamu, ndiyo nikaja kwako."

Mama akaitazama leso, kisha rafu zake zilizoshika vumbi. Akavuta kadi, akalamba ncha ya kalamu ya risasi, akaandika jina la yule mwanamke, na la mumewe, na la shemejiye.

Mwanamke alipotoka nikamuuliza mama kwa hasira, "Mbona umemwandika?"

"Nisipomwandika, nani ataingia humu?"

Pwani nzima yamjua mama huyu, na mwezi ujao anafunga duka. Karatasi ya majina ya watu wa nyumbani kwangu, niliyomletea ayatie kwenye kadi, nikairudisha mfukoni. Mke wangu naye hununua ng'ambo.